Tanzia ya Bibi Harusi

9 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Saluni yake inakwenda vizuri tangu aongeze kile chumba cha jirani aliyehama. Mapacha wanakua, na kelele zao zinakua kwa kasi zaidi. Mmoja ameng'oka jino la mbele, na mwingine analia kutwa nzima kwa sababu lake halijalegea. Habari za kiwandani kwako, kule kwenye uchapaji? Bado wanakupa vile vitabu vya shule uvisahihishe, au wamekuhamishia kwenye kalenda?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Ukisikia neno usilolipenda unasema "haya, kwaheri," nami nabaki nikizungumza na ukuta.

Kuna jambo. Wifi yako alinunua tangi la samaki, la mtumba, ili wateja wapate cha kutazama nywele zikikauka. Maji yakawa yanageuka kijani kila baada ya siku chache. Nikaambiwa kipo Chama cha Wafuga Samaki wa Mapambo, wanakutana Jumamosi moja kila mwezi ghorofani, juu ya duka la rangi. Nikaenda kuuliza habari ya maji. Nilitoka huko nikiwa mwanachama. Na juzi nimetoka nikiwa msimamizi wa tovuti.

Usicheke kwanza. Mwenyekiti ni ofisa wa forodha mstaafu, mtu wa kufoka, kila mtu anamwita Papa. Alisimama akasema aliyekuwa akiitunza tovuti ya chama amehama, nani atajitolea? Watu wote wakaanza kukagua dari. Mama wa duka la dawa akazamisha uso mzima kwenye mkoba. Mimi nikakosea nikakohoa. Papa akasema, "Ahsante sana, karani!" Makofi. Ndivyo nilivyojitolea.

Kusema kweli, dada, watu wenyewe ni vituko. Nusu ya mkutano ilikwisha kwa kubishana kama konokono ni mkazi wa tangi au ni uchafu. Yupo mzee mmoja aliyekuwa dereva wa gari la zimamoto. Wanamwita Mzee King'ora, kwa sababu ya kazi tu, maana sauti yenyewe hana. Anaongea taratibu hivi kwamba unaweza kunywa chai kati ya maneno yake mawili. Kila akisimama ni habari za samaki wake mmoja, jike jeupe lenye mkia mrefu kama shela. Jina lake Bibi Harusi. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Tovuti nayo ni kama stoo ya mtu aliyehama kwa haraka. Picha zimelala ubavu, matangazo ya mikutano iliyokwisha zamani bado yanakaribisha watu. Nimeanza kuisafisha jioni baada ya kazi. Ifungue ukipata nafasi, uone.

Mdogo wako.

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia wote mnapumua. Msalimie wifi, mwambie chumba cha pili ni jambo jema mradi asikijaze samaki. Huyo anayelilia jino ling'oke amekurithi wewe. Wewe nawe ulilia siku nilipotiwa bandeji, ukitaka yako. Mimi sijambo. Kiwandani kuko kama kulivyo. Mwenye nyumba amepaka mikono ya ngazi rangi ya kijani isiyokauka, kwa hiyo kila anayenitembelea anaondoka na kiganja cha chura. Bahati nzuri hawanitembelei wengi.

Sasa hili la samaki. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kuisahihisha na mara ya pili kuielewa. "Nikakosea nikakohoa." Mdogo wangu, maisha yako yote ni kikohozi. Ulikohoa darasani ukawa kiranja, ukalaumiwa kwa chaki iliyopotea. Ulikohoa kwenye harusi ya binamu yetu ukawa msimamizi wa viti, mpaka leo kuna watu wanakudai viti. Umekohoa tena.

Na umekohoa mbele ya akina nani? Watu wazima, wenye ndevu na miwani, wanapanda ngazi kwenda kujadili konokono. Samaki mimi namjua kwenye sahani. Samaki wa kutazamwa ni samaki aliyekwepa wajibu. Ofisi ya bima inakukamua wiki nzima, na Jumamosi yako unawapa hao bure, uwanyooshee picha zilizolala ubavu. Hivi wenyewe hawana vidole? Yule mwenyekiti alikuwa akikagua makontena ya watu, leo picha moja inamshinda?

Kujitolea ni jina zuri walilolitafuta wavivu ili wampe mtu mpole. Na huyo wa Bibi Harusi, mwambie atafute mke wa kweli.

Tovuti yenu sijaifungua wala sitaifungua. Haya macho ni ya kazi.

Dada yako.

2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Mapacha walipata surua, mmoja baada ya mwingine kama kawaida yao, na wifi yako alifunga saluni wiki nzima. Sasa wamepona, na lile jino limeng'oka. Sherehe yake ilikuwa kubwa kuliko ya harusi yetu.

Tovuti imesimama. Nimepanga picha, nimeweka ukurasa wa maswali na majibu, na chini ya kila picha nimeweka nafasi ya watu kuandika maoni. Kwa wiki mbili hakuandika mtu, isipokuwa Papa aliyejipongeza mwenyewe. Halafu akaingia mtu anayejiita Mwiba.

Naye hana dogo. Nilipakia picha ya samaki wa Papa, nikataka kuandika kwamba ana mapezi marefu. Mkono ukateleza nikaandika "ana mapenzi marefu." Haikupita saa, Mwiba akaandika: "Hongera samaki. Wengine tumeyakosa hata mafupi." Papa alifoka mpaka miwani ikamteleza, lakini ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko. Tangu hapo haipiti siku. Mama wa duka la dawa aliandika kwamba samaki wake "hana afia", Mwiba akamjibu, "Afya hana, na tahajia pia haina uhai." Aliyeandika kuhusu konokono aliambiwa kwamba kati yake na konokono, mwenye uti wa mgongo bado hajajulikana.

Mtu huyu ana kalamu, dada. Hata koma haziachi. Sijui ni nani. Najua tu kwamba ana nafasi nyingi mchana, maana huandika saa ambazo watu wengine tuko kazini.

Kwa kweli wamekuwa wakinichosha, wanachama hawa. Kila mmoja anataka samaki wake akae juu ya samaki wa mwenzake. Kwa hiyo Mwiba akiwachoma, mimi nacheka peke yangu dirishani pangu, wateja wa bima wananishangaa.

Habari za kazi? Hukunijibu kama wamekuhamishia kwenye kalenda.

Mdogo wako.

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa surua. Ulipougua wewe nilikukanda kwa maji ya uvuguvugu, na ukanitapikia gauni la shule. Wapake mafuta wanapojikuna, na usiwaruhusu kuchungulia hilo tangi. Kuna magonjwa ya akili yanayoanzia hapo.

Mimi sijambo. Kazi ni kazi. Nimenunua birika jipya.

Huyo Mwiba wako simjui, lakini nampa pole kwa kusoma mnayoandika. Mtu akiamua kuonyesha ujinga wake hadharani, anayeusahihisha anatenda hisani. Huyo ndiye anayejitolea kweli, wala hakupigiwa makofi.

Ila mwambieni Papa, kama mnathubutu kumwambia kitu, kwamba mwenye tumbo lile hapigwi picha ya ubavuni mbele ya kioo cha tangi. Samaki wanaonekana wametokea nyuma ya mlima.

Usiulize habari za kalenda. Unajua sipendi kuulizwa jambo mara mbili.

Dada yako.

30 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo wote. Wifi yako amempata msichana wa kumsaidia kusuka, na mapacha wameanza kuandika majina yao, kwenye kuta.

Sikumbuki kukuandikia chochote kuhusu tumbo la Papa. Labda niliandika nikasahau.

Mwiba amekuwa mfalme. Watu ambao hawajui tofauti ya samaki na mjusi wanafungua tovuti yetu ili wasome matusi yake. Mama wa duka la dawa amependekeza apewe uanachama wa heshima, kama atakubali kujitaja. Papa ametoa amri afungiwe, lakini mwenye neno la siri ni mimi, na nilijibu kwamba mitambo haikubali. Ilikubali vizuri tu. Sikutaka. Asubuhi, kabla sijanawa uso, natazama ameandika nini.

Hata Mzee King'ora anampenda. Macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo, kwa hiyo kila mkutano ananiomba nimsomee. Kicheko chake kinaanza pole pole kutoka mabegani, na wenzake wanakuwa wameshafika mada nyingine ndipo sauti inatoka. Juzi aliniambia, "Huyu kijana anajua maneno." Nikamsomea lingine.

Mdogo wako.

22 Juni

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wazima.

Nitaandika moja kwa moja. Bibi Harusi amekufa. Mzee King'ora alileta karatasi aliyoiandika kwa mkono, akaniomba niiweke kwenye tovuti kama tanzia. Kwa ndani nilicheka, nakiri. Nikaipakia kama ilivyo, pamoja na picha. "Bibi Harusi ametutoka jana asubuhi. Alikuwa mpole na alizoea sauti yangu. Nawashukuru nyote mliomjua."

Jioni ile Mwiba akaandika: "Poleni wafiwa. Naomba kuuliza, alikaangwa au alichemshwa? Naye mwenye Bibi Harusi ataoa mwingine sokoni, au ndiyo kawa mgane?"

Nikaliona neno lake. Ningeweza kulifuta. Nilitabasamu nikalala.

Jumamosi mkutanoni, Papa aliliwahi kabla ya ajenda. Nadhani alifurahi kwamba safari hii si yeye. Akasimama na simu yake, akasoma kwa sauti ya kutangaza. Watu wakacheka. Akafika kwenye neno la mwisho, akakwama. "Mgane? Mgane ndiyo nini jamani?" Akamtazama mama wa duka la dawa, naye akatingisha kichwa. Mimi nilikuwa nalijua, maana wewe ndiye uliyenifundisha, lakini nilinyamaza.

Sauti ikatoka mlangoni. "Mgane ni mwanamume aliyefiwa na mkewe," ilisema, taratibu vile vile. "Ni mimi hapa."

Alikuwa amepanda ngazi bila sisi kumsikia. Hakuna aliyejua, dada. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Samaki yule alinunuliwa na mkewe, akiwa mgonjwa, awe na cha kutazama kitandani. Jina alimpa mke mwenyewe. Yote hayo aliyasema akiwa bado amesimama, kofia mkononi, halafu akasema, "Endeleeni," akageuka. Tulimsikia akishuka ngazi moja moja. Hakuna aliyemfuata. Papa alikaa akaanza kusoma ajenda.

Nimemfungia Mwiba. Safari hii mitambo imekubali.

Nadhani unaelewa kwa nini nakuandikia wewe.

Mdogo wako.

10 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sielewi kwa nini unaniandikia mimi. Mwiba simjui. Ningemjua ningemtetea. Mtu anayebandika tanzia ya samaki mahali ambapo dunia nzima inapita, ameomba kuchekwa. Angetaka kuheshimiwa angelia ndani kwake, kama tunavyolia wengine.

Na nani aliibandika? Nani alitabasamu akalala? Nani alimwona Papa akisoma, akakaa na neno mdomoni? Usinitafutie mimi hukumu. Mlikuwa ukumbi mzima, nyote mnacheka, ndipo mzee alipoingia mkakumbuka kwamba mna adabu. Kundi la watu wasiojua maana ya neno, wanalicheka kwa sababu mwenzao amelicheka. Nawadharau zaidi leo kuliko nilivyowadharau Februari.

Msalimie wifi.

Dada yako.

25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nilikaa bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza natukana.

Uliyosema juu yangu ni kweli. Nilicheka tangu mwanzo, na nilikuacha ucheke kwa niaba yangu. Mimi sina ulimi kama wako, nilikuwa nikiazima. Hayo nimeyakubali, na nimemwambia wifi yako, ambaye aliniambia kwamba yeye alikuwa akilijua hilo muda mrefu na akanipa fagio nifagie nywele.

Lakini yako hujayasema. Unaandika "simjui Mwiba" kwa koma zile zile.

Nimekwenda kwa Mzee King'ora mara mbili. Tangi lake liko nje barazani, kavu, ameliwekea viatu. Ananikaribisha vizuri, ananiuliza habari za mapacha, na nikitaja chama anasema, "Huko ngazi ni nyingi." Nafasi ya maoni nimeifunga kwenye tovuti nzima. Sasa hakuna anayeifungua. Naipangia picha kama mtu anayetandika kitanda cha hoteli tupu.

Mdogo wako.

20 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Leo asubuhi nilikuwa dirishani pangu, foleni imefika mlangoni. Watu wakapiga hatua, wakapiga hatua, na zamu ikamfikia Mzee King'ora. Alikuwa amekaa kwenye foleni kama mteja. Nikamwambia, "Mzee, ungeniita tu." Akasema, "Wenzangu walitangulia." Nikamuuliza ana shida gani na bima. Akasema, "Bima sina. Nimekuja kukuambia dada yako alifika kwangu."

Nilifunga dirisha, foleni ikinizomea, nikatoka naye nje.

Akanisimulia. "Nyumba yangu aliiulizia zimamoto, akabisha hodi kama anadai kodi. Nikafungua. Akasema, 'Mimi ndiye Mwiba.' Nilidhani Mwiba ni kijana, kumbe ni mama mtu mzima, ana miwani na vumbi la safari. Akasema anayetunza tovuti ni mdogo wake, na mdogo wake hana kosa. Nikamuuliza ametoka wapi, akataja. Nikamwambia, 'Huko mbali.' Akasema, 'Ndiyo.' Akasema, 'Nimekuja kukuomba radhi.' Nikamwambia, 'Umeshaomba.' Akasema, 'Utanisamehe?' Nikamwambia, 'Hapana.'"

Nilimuuliza wewe ulisemaje. Akasema, "Alisema 'sawa.' Hakulia wala hakubembeleza. Nikamuuliza, kazi yako ni ipi wewe, kuchekesha watu? Akasema alikuwa akisahihisha vitabu. Nikauliza, alikuwa? Akasema wamemwachisha kazi tangu mwezi wa kwanza. Hapo nikamwambia pole. Hilo nilimwambia, maana kazi ni kazi. Kisha nikafunga mlango."

Mwezi wa kwanza, dada. Kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza. Nimekuuliza habari za kiwandani miezi yote hii, nawe ukanijibu habari za ngazi na birika. Ukapanda basi siku nzima, ukafika mji huu, ukapita labda mbele ya saluni ya wifi yako, ukamwambia mtu usiyemjua mlangoni kwake jambo ambalo mimi, tumbo moja, sistahili kulijua. Ukalala wapi? Ulikula nini?

Unatudharau sote, sawa, tumezoea. Sikujua kwamba nami uliniweka kwenye kundi la wasioweza kuambiwa kitu. Mtu wa kukohoa. Ndivyo unavyoniona, na leo nimeamini.

Wifi yako amelia. Mimi nimekasirika tu.

Mdogo wako.

8 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Mwiba ni mimi. Ulijua, lakini ulitaka niandike, basi nimeandika.

Nilikwambia kiwandani kuko kama kulivyo. Sikudanganya, kiwanda kiko pale pale, ni mimi ambaye simo. Walileta programu ya kompyuta inayosahihisha yenyewe, wakatuita wasahihishaji wote kwenye chumba cha mkutano, wakatupa soda. Meneja, mtoto mwenye viatu vya ncha, akasema tumekuwa familia. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule na soda yake. Hiyo programu, kwa taarifa yako, imeshapitisha kitabu cha jiografia ambamo mto "unamwaga majimaji."

Nikarudi nyumbani nikakaa. Chini yangu kuna duka la kutoa nakala, lina kompyuta ya kukodi. Nikafungua tovuti yenu ili nicheke kidogo. Nikakuta makosa. Hujui jambo hilo lina maana gani kwa mtu ambaye hakuna anayemletea tena makosa. Nilikuwa nashuka asubuhi kama mtu anayekwenda kazini. Nikawa nawadharau kwa saa za ofisi.

Kwako sikuja kwa sababu ungenipa chai. Wifi angenipa kitanda chenye shuka safi, mapacha wangenikalia mapajani, na wote mngeniambia si kosa langu. Nilitaka mtu mmoja aniambie ukweli. Mzee yule aliniambia. Nililala stendi, kwenye benchi, nikala mkate. Hayo umeuliza nami nimejibu, usiulize tena.

Wewe si mtu wa kukohoa. Wewe ndiye pekee ninayemwandikia barua. Sikujua nitakavyoandika "nimeachishwa" kwako, mimi niliyekufundisha kushika kalamu.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua nyingine, ya chama. Ni maombi. Naomba kujitolea kuisahihisha tovuti yenu, bila malipo, kila ukurasa, na nimetia saini jina langu kamili na chini yake "aliyekuwa Mwiba." Isome mkutanoni mbele ya wote kama ilivyo. Usiirembe. Na hakikisha mzee anapata habari kwamba itasomwa.

Dada yako.

2 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, mapacha wanakusalimu, wamekuchorea picha ambayo wifi yako amekataa niitume kwa sababu umechorwa na miwani minne.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Njiani kutoka kazini nilipita kwa Mzee King'ora nikamwambia, Jumamosi itasomwa barua ya Mwiba ya kuomba kujitolea. Alikuwa akipiga viatu brashi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nikasimama nikasoma. Nilipofika "aliyekuwa Mwiba," Papa aliketi bila kutaka kuketi. Kelele zikaanza. Wengine wakasema akome kabisa, wengine wakasema tovuti imekufa tangu aondoke. Mama wa duka la dawa akasimama, akasema, "Mimi alinitukana, lakini tangu siku ile naandika afya vizuri. Akubaliwe." Unajua jinsi watu wale walivyo, mmoja akisema, wote wanakumbuka kwamba ndivyo walivyokuwa wakifikiri. Mikono ikaanza kupanda. Nilikuwa naihesabu, nami moyo unapanda pamoja nayo, maana nilitaka ukubaliwe.

Mlango ukafunguka. Mzee King'ora, suti, viatu vinang'aa, anahema kwa ngazi. Mikono yote ikashuka. Akamngoja Papa amruhusu, kama mwanachama anavyotakiwa. Papa akasema, "Karibu, mzee, tuko kwenye suala la..." Akasema, "Nalijua suala."

Akavuta pumzi.

"Nakataa," akasema.

Papa akamuuliza kama ana sababu. Akasema, "Sababu ninayo. Wote mnaijua." Basi. Hakuna aliyeinua mkono tena. Maombi yako yamekataliwa, dada, kwa kauli moja, na nimeagizwa na chama nikuandikie hivyo rasmi.

Nilidhani ataondoka. Nilikuwa nimeshasogeza kiti nimpishe. Akakivuta hicho kiti changu akakaa, akaweka kofia gotini, akamwambia Papa, "Haya, ajenda inayofuata." Ikawa ni namna ya kuosha vichujio. Papa akasema maji ya bomba yanatosha. Mzee King'ora akasimama, taratibu, akamwambia amekosea, na akaeleza kwa nini, na akaeleza tena, na giza likaingia bado anaeleza. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Kwenye kushuka ngazi alinishika bega. Akaniuliza kama mama wa duka la dawa bado anagawa vifaranga vya samaki.

Dada, uliandika maombi yale ukitaka kazi, au ulitaka nini? Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Kitanda kipo. Shuka ni safi, samahani kwa hilo.

Mdogo wako.

15 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Chumba nimekirudisha kwa mwenye nyumba, pamoja na ngazi yake. Basi linaondoka Alhamisi. Nina masanduku mawili na birika. Wifi asinipikie kitu cha pekee, na mapacha wasinikalie wote wawili kwa wakati mmoja. Nitatafuta kazi kuanzia Jumatatu. Kuna watu mji huo wanaandika mabango ya maduka ambayo ni aibu kuyapita. Nikikaa mezani, samaki wenu wageuziwe upande mwingine.

Barua rasmi ya chama nimeipokea. Ina makosa matatu, na moja liko kwenye neno "kukataliwa." Nimeisahihisha nikaihifadhi.

Umeniuliza nilitaka nini. Kazi ile sikuitaka. Nani mwenye akili zake anataka kusahihisha watu wale bure?

Mwambie Mzee King'ora kwamba kura yake imenifikia na nimeiheshimu. Usimwambie nimefurahi kwamba alizipanda zile ngazi. Atasimama aibadilishe, na itatuchukua mpaka asubuhi.

Dada yako.